Kigoma kisu cha uzazi wengine wanakikosa, wengine wanapewa bila sababu, inakuwaje?

Ukikaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi hapa kwetu utasikia maneno ya aina mbili tu kuhusu oparesheni ya kujifungua. La kwanza, madaktari wanapenda hela, siku hizi wanapasua kila mtu. La pili, wadada wa siku hizi wavivu, hawataki kusukuma, mbona bibi zetu walizaa kumi nyumbani na hakuna aliyeguswa na kisu. Yote mawili yananiuma, maana nimekaa leba kama mkunga na najua kwamba hao bibi waliozaa kumi tunaowataja ni wale waliobaki hai, wale waliofia njiani wamebebwa kwenye machela kutoka milimani Buhigwe au kwenye mtumbwi kutoka kusini mwa Ziwa Tanganyika hakuna anayewasimulia kwenye benchi. Na hilo la hela lipo, nitalifikia, ila kwa hapa Kigoma siyo ndo mzizi.

Tuanze na namba kidogo. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilikaa kikao Fortaleza, Brazil, wakasema hakuna sababu ya sehemu yoyote ile kuvuka asilimia 10 hadi 15 ya akina mama kujifungua kwa upasuaji. Mwaka 2015 wakarudi wakaliweka vizuri zaidi: oparesheni zikipanda kuelekea asilimia 10 ya uzazi wote kwenye jamii, vifo vya mama na mtoto vinapungua, zikivuka hapo vifo havipungui tena kwa sababu ya hizo oparesheni za ziada. Sasa dunia nzima ukiipiga wastani iko kama asilimia 21, yani zaidi ya mama mmoja kati ya watano. Tanzania tulikuwa asilimia 6 kwenye utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16, ule wa 2022 tukafika kama 11. Ukiangalia 11 unasema aah mbona tuko sawa kabisa. Hapana. Huo ni wastani, ndani yake kuna Dar na Kilimanjaro wako juu sana na sisi wa magharibi tuko chini. Muhimbili peke yake ilitoka asilimia 19 mwaka 2000 ikafika 49 mwaka 2011, ni kweli wanapokea rufaa ngumu, lakini watafiti walipochambua walikuta ongezeko lipo hata kwa wale akina mama ambao hawakuwa na hatari yoyote, mimba imetimia, mtoto mmoja, kichwa chini, uchungu umeanza wenyewe.

Kwa hiyo usiniambie oparesheni ni nyingi au ni chache. Uliza kapewa nani, kakosa nani.

Na Kigoma kabla hatujalaumu kisu inabidi tukumbuke kimetufanyia nini. Miaka ya 80 hospitali ya mkoa Maweni ilikuwa inapoteza akina mama kwa kiwango cha vifo 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Daktari Godfrey Mbaruku na wenzake wakaanza kurekebisha kitu kimoja kimoja, damu ipatikane, dawa zisikosekane, wahudumu wafundishwe na wasimamiwe, thieta ifanye kazi, na hadi 1991 kiwango kikashuka kufika 186. Hakuna mashine za ajabu zilizoletwa, walitumia zaidi vilevile vilivyokuwepo wakavipanga. Na wanaoshika kisu kwenye wilaya zetu kwa miaka mingi siyo mabingwa, ni madaktari wasaidizi, wale tunaowaita AMO, utafiti uliofanyika Mwanza na Kigoma ukatoka 2009 ulionyesha ndio waliokuwa wanafanya sehemu kubwa ya oparesheni za uzazi na matokeo yao hayakuwa mabaya kuliko ya madaktari wenye digrii. Nasema haya ili mtu asichukue makala hii akaenda kumwambia mke wake akatae oparesheni. Kondo likitangulia mlangoni, mtoto akilala kimkingamo, kitovu kikitoka mbele ya mtoto, uchungu ukikwama kwelikweli, mapigo ya mtoto yakishuka yasirudi, hapo kisu ndo uhai wenyewe na kuchelewa kunaleta fistula au kaburi.

Sasa twende kwenye zile zisizo na sababu. Kitu cha kwanza uelewe, kwenye faili huwezi kukuta imeandikwa "bila sababu". Kila oparesheni ina sababu na nyingi zinarudi kwenye maneno manne haya haya: uchungu hausongi, mtoto amechoka, nyonga ndogo, kovu la zamani. Maneno yote ni ya kweli na yanaua. Shida ni je, yalithibitishwa au yaliandikwa tu kwa sababu muda umeenda na mtu ameogopa?

Chukua mama mwenye mimba ya kwanza anatoka vijiji vya ziwani huko Uvinza. Tumbo limeanza kuvuta usiku, ndugu wanaogopa ziwa kuchafuka kesho, wanampakia kwenye boti asubuhi wanakuja naye. Anapimwa njia ya uzazi, imefunguka sentimita tatu. Kwa mtu anayekaa Mwanga au Gungu, hapa hapa Kigoma mjini, nesi angemwambia mama nenda nyumbani, tembea, kula, kunywa uji, uchungu ukikaza urudi. Huyu wa ziwani utamwambia arudi wapi? Analazwa leba. Na akishalazwa saa inaanza kuhesabu. Masaa manane baadaye yuko sentimita nne, amechoka, hajalala, hajala kitu, ndugu nje wanauliza mbona hazai, zamu inabadilika, anayeingia anakuta kwenye faili mama amekaa leba siku nzima. Anawekewa dripu ya uchungu. Uchungu unakuja kwa nguvu lakini mlango bado mgumu, mtoto anaanza kuchoka, thieta. Faili linasema uchungu ulikwama na mtoto amechoka, na ukimuuliza aliyekata atakwambia kwa roho safi kabisa alimwokoa huyo mtoto. Na pengine saa hiyo ni kweli alimwokoa! Ila ukirudi nyuma uchungu wa huyu mama haukukwama popote, ulikuwa haujaanza vizuri.

Hapa kuna historia watu hawaijui. Miaka ya 1950 daktari wa Marekani Emanuel Friedman alichora mchoro wa jinsi njia inavyofunguka, ndipo watu wakashika ile kanuni ya sentimita moja kila saa. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi hapo inapoitwa Harare leo, wakatengeneza patografu, yani chati ya kufuatilia uchungu, yenye mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, masaa manne katikati yake. Lengo lao lilikuwa zuri sana, wakunga wa vituo vya mbali wajue mapema nani apelekwe hospitali, na imeokoa wengi. Lakini miaka ikaenda mstari ukageuka sheria, mama akiuvuka tu watu wanaanza kunawa kwa ajili ya thieta. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema wazi, uchungu wenyewe wa kasi uhesabiwe kuanzia sentimita tano, na hiyo ya sentimita moja kwa saa si kipimo sahihi cha kusema mama huyu ana tatizo, wengi wanakwenda polepole na wanazaa salama. Mwaka 2020 wakatoa na fomu mpya ya kufuatilia uchungu. Sasa kati ya mwongozo kutoka Geneva na kutua kichwani kwa nesi wa zamu ya usiku Kakonko kuna safari ndefu mno, tena huyo nesi alifundishwa ile ya zamani na mtihani aliufaulu kwa ile ya zamani.

Ukiliangalia hilo vizuri unaona kitu ambacho mimi naona ndo kiini cha mambo yote haya. Umbali ule ule unaomfanya mama mmoja afie njiani bila oparesheni ndo unaomfanya mwenzake alazwe mapema, ahesabiwe saa vibaya, apasuliwe. Uhaba ule ule wa wahudumu unaofanya mama mmoja asionwe mpaka mfuko wa uzazi unachanika ndo unaofanya mwenzake akatwe kwa sababu hakuna wa kukaa naye kuhakikisha. Watu wanafikiri kuzidi na kupungua ni magonjwa mawili. Kwetu ni ugonjwa mmoja.

Mfano hilo la mtoto amechoka. Mapigo ya mtoto tumboni yanatakiwa kuwa kama 110 hadi 160 kwa dakika. Tumbo likikaza yanaweza kushuka kidogo halafu yakarudi, hiyo kawaida. Ili ujue kama ni kawaida au hatari inabidi usikilize wakati uchungu unavuta na baada ya kuachia, urudie kila nusu saa au hata mara nyingi zaidi, ukikuta yameshuka umlaze mama ubavu wa kushoto, ufunge dripu ya uchungu kama ipo, umpe maji, usikilize tena. Mara nyingi yanarudi. Sasa nesi mmoja ana akina mama sita leba, wawili wanasukuma, mmoja anatoka damu, anasikiliza mara moja kwa haraka kile kibomba cha mbao kikiwa sikioni na kelele kibao pembeni, anasikia 100. Afanye nini? Hana muda wa kurudia, hana mtu wa kumwachia. Anamwita daktari, daktari naye hana kipimo kingine cha kuhakikisha, wanakata, mtoto anatoka analia kwa nguvu na uzito wake kamili, na hakuna anayeuliza kama alikuwa amechoka kweli. Na hiyo dripu ya uchungu nayo, sehemu nyingi haina mashine ya kuipima, unahesabu matone kwa macho, ikikimbia kidogo uchungu unakuja bila kupumzika na mtoto anakosa hewa, hapo tumemchosha sisi wenyewe. Sawa na zile dawa za kienyeji za kuongeza uchungu ambazo mama mkwe anamnywesha binti kabla hawajatoka nyumbani, nazo zinaleta mkazo mkali tusiojua umeanzia wapi kwa sababu hakuna anayekubali kusema amekunywa. Jamani semeni. Nesi akikaripia akaripie lakini ajue.

Halafu kuna woga. Kikao cha kujadili vifo vya uzazi kinauliza kwa nini ulichelewa kupeleka thieta. Ndugu wanauliza hivyo hivyo, mwenyekiti wa kijiji na diwani nao hivyo hivyo. Hakuna kikao kinachokuita kukuuliza kwa nini ulimpasua mama ambaye angezaa mwenyewe. Kwa hiyo hata mtu mwenye moyo safi akipima anaona akikata yuko salama, akisubiri yuko peke yake. Watafiti waliowahoji wahudumu Muhimbili walikuta hicho hicho, hofu ya kulaumiwa ndo inasukuma mkono. Ongeza kwamba ujuzi mwingine umepotea, kumvuta mtoto kwa vyakumu, kile kifaa kinachonata kichwani mwake, watu wengi hawajawahi kushikishwa vizuri, na kuzalisha mtoto anayetanguliza matako kulipungua sana duniani baada ya utafiti mkubwa wa mwaka 2000 ulioonyesha upasuaji uliopangwa una usalama zaidi kwa watoto hao, tangu hapo vijana wengi wanamaliza chuo hawajaona hata mmoja akizaliwa kwa njia ya kawaida.

Kwenye hela sasa. Kuna nchi hela na urahisi wa daktari vimekuwa injini yenyewe. Brazil kwenye hospitali binafsi zaidi ya asilimia 80 ya akina mama wanapasuliwa. Misri ilikuwa asilimia 52 mwaka 2014, mwaka 2021 ikafika 72. Huko oparesheni inapangwa Jumanne saa nne asubuhi, daktari analipwa zaidi, saa sita kashamaliza anaenda kliniki yake ya pili, wakati uchungu wa kawaida unaweza kumkesha masaa kumi na sita kwa malipo kidogo. Hata hapa nchini kituo chochote kinacholipwa na bima zaidi kwa kisu kuliko kwa kuzalisha kina kishawishi hicho, sitaki kumpamba mtu. Ila AMO wa hospitali ya wilaya Kibondo anayeamshwa saa nane usiku hapati utajiri wowote kwa kukata, kwa hiyo ukimrushia neno la hela unakosea shabaha na yale yanayomfanya akate yanabaki palepale.

Na kuna akina mama wanaoomba wenyewe, tusiwacheke. Ukimsikiliza anayeomba, mara nyingi haogopi uchungu peke yake, anaogopa leba. Anaogopa kuachwa peke yake kitandani, anaogopa kutukanwa, kupigwa kofi la paja, kuambiwa ulipokuwa unaitafuta mimba hukulia. Ameshasimuliwa na dada yake. Kwake thieta ni mahali pa heshima, kuna ganzi ya mgongo, kuna watu wengi wanamshughulikia. Hiyo ni aibu yetu sisi wa leba, siyo uvivu wake.

Tatizo ni kinachokuja baada ya kovu, na hapa ndo nataka watu wa Kigoma wanisikilize zaidi kuliko watu wa Dar. Mwanamke wa mjini mwenye mpango wa watoto wawili akipasuliwa bila sababu hasara ipo lakini ina mwisho. Wastani wa taifa ni watoto 4.8 kwa mwanamke kwa takwimu za 2022 na huku magharibi tunazaa zaidi ya hapo. Binti wa miaka 19 akipasuliwa mimba ya kwanza bila ulazima, ana mimba nyingine nne au tano mbele na zote atazibeba juu ya kovu. Kila oparesheni inayoongezeka inaongeza uwezekano wa kondo kujishika kwenye kovu na kukataa kutoka, na hilo likitokea damu inamwagika kwa kasi ambayo benki ya damu ya wilaya haiwezi kuifukuzia. Kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu. Ni nadra, kama mama mmoja kati ya 200 wenye kovu moja wanaojaribu kuzaa kawaida, lakini huyo mmoja akiwa kijijini masaa ya boti kutoka thieta hana bahati.

Na hao wanaojaribu, kama saba kati ya kumi wanafanikiwa. Ile kauli ya ukishapasuliwa mara moja utapasuliwa siku zote aliiandika daktari wa New York anaitwa Edwin Cragin mwaka 1916, enzi hizo walikuwa wanapasua mfuko wa uzazi kwa wima, kovu la wima kweli linachanika kirahisi. Siku hizi tunakata chini kwa mlalo na kovu hilo lina nguvu zaidi. Lakini kujaribu kunataka mtu wa kumwangalia mama muda wote na thieta iliyo tayari, na tumeshaona nani yuko leba usiku, kwa hiyo kituo kinaona heri kumkata tena. Ndo maana oparesheni ya kwanza ndo ya kulindwa. Hospitali ikitaka kujua inakosea wapi kuna mgawanyo wa Robson wa mwaka 2001, unawapanga akina mama wote kwenye makundi kumi, wa mimba ya kwanza uchungu wa wenyewe hapa, walioanzishiwa uchungu hapa, wenye kovu hapa, na ukifanya hivyo kila mwezi unaona bila ubishi ni kundi gani linapasuliwa kupita kiasi. Haina gharama, kinatakiwa daftari na mtu wa kulijaza kwa ukweli.

Kingine kinachosaidia ni kitu cha bei rahisi mno, mtu wa kukaa na mama. Tafiti za nchi nyingi zimekubaliana kwamba mama akiwa na mtu pembeni yake kipindi chote cha uchungu, uwezekano wa kuzaa kawaida unapanda na upasuaji unapungua. Hapa Kigoma kuanzia 2016 shirika la Thamini Uhai lilijaribu jambo hili kwenye vituo kadhaa, mama anaruhusiwa kuingia na ndugu aliyemchagua, na akina mama walisema walihudumiwa vizuri zaidi. Mimi naamini kabisa shangazi mmoja anayemsugua mgongo, kumnywesha uji, kumtembeza, na kumwita nesi akiona kitu kimebadilika, anazuia safari nyingi za thieta. Na nyumba za kusubiria zijengwe karibu na hospitali ziwe na jiko na vyandarua, ili huyo wa kutoka ziwani mwenye sentimita tatu awe na pa kurudi, atembee, ale, asihesabiwe saa bure.

Ukiwa ni wewe au mkeo au binti yako na dokta amesema thieta, kama siyo damu inamwagika au kitovu kimetoka mbele, una dakika za kuuliza kwa heshima. Dokta, sababu ni ipi? Njia imefunguka ngapi na ilikuwa ngapi mara ya mwisho? Mapigo ya mtoto yamesikilizwa tena baada ya kumlaza ubavu? Tukisubiri saa moja mbili kuna hatari gani? Mhudumu anayejua kazi yake hakasiriki kwa hayo, atakujibu kwa sekunde chache na pengine jibu lenyewe litakufanya usaini haraka. Baada ya hapo, kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini, omba kadi iandikwe sababu ya oparesheni na jinsi mfuko wa uzazi ulivyokatwa, mlalo au wima, maana kovu la nje kwenye ngozi halionyeshi la ndani na mkunga atakayekupokea mimba ijayo hawezi kuamua chochote bila hayo maandishi. Kaa angalau miaka miwili kabla ya kubeba tena. Na hiyo mimba ijayo usiizalie zahanati wala nyumbani hata kama unajisikia mzima, mwezi wa mwisho sogea Kigoma mjini au Kasulu au popote palipo na thieta karibu nawe, ukae kwa ndugu, kadi iwe mkobani.